Upepo Unavyozila Kreta za Mirihi: Mafunzo Niliyopata Miritini

Abiria anayeshuka kwenye treni ya SGR pale Miritini wakati wa kaskazi hupokewa na vumbi kabla ya kupokewa na jamaa zake. Yadi za kontena zimeenea kila upande, matrela huingia na kutoka usiku na mchana, na vile vichochoro ambavyo havijaona lami husagwa na magurudumu mpaka vikawa unga. Mimi hufundisha Jiografia upande huu wa bara ya Mombasa, na Jumamosi huwa na kikundi cha vijana wanaopenda habari za anga. Kwa muda sasa tumekuwa tukilifukuzia swali moja: kimondo kikigonga sayari ya mawe kama Mirihi na kuacha shimo, upepo hulifanyia nini shimo hilo baadaye?

Kitabu cha shule hulimaliza swali hili kwa sentensi moja: mmomonyoko hulifuta. Sisi hatukutosheka. Tumelipeleka kwa fundi wa matrela, tukalipeleka kwenye picha za roboti zilizoko Mirihi, na mwisho likatufikisha kwenye jangwa la Arabia na nyanda za Katanga. Haya ndiyo niliyoyapata njiani.

1. Upepo mtupu hauli chuma

Karibu na barabara kuu kuna gereji ya matrela, na fundi mkuu wake ni jirani yangu. Kazi yake mojawapo ni kupiga mchanga. Chesisi iliyoliwa na kutu na chumvi ya bandarini huwekwa uwanjani, kompresa hunguruma, na mchanga hurushwa kwa mpira mnene mpaka chuma kitakate. Nilimwomba awaonyeshe vijana. Akavaa kofia yake ya turubai yenye kioo mbele, akatupanga mbali, upande unakotoka upepo, kisha akafanya jambo ambalo sikumwomba. Alifunga njia ya mchanga akaacha hewa peke yake, akalipulizia bamba lenye kutu kwa muda mrefu. Vumbi la juu likaruka. Kutu ikabaki palepale. Halafu akafungua mchanga. Kabla hatujahesabu hadi tano, doa la kijivu la ukubwa wa kiganja lilikuwa limejitokeza.

“Mwalimu,” akasema baada ya kuvua kofia, “hewa peke yake ni ya kupoza chai. Anayekula kutu ni huyu.” Akachota mchanga kwenye ndoo akatuonyesha.

Maneno hayo ya fundi ndiyo mlango wa somo zima la Mirihi. Hewa ya sayari ile ni hafifu mno. Shinikizo lake ni kama milibari 6, ilhali sisi tunaoishi usawa wa bahari tunaelemewa na zaidi ya 1,000. Upepo wa kilomita 100 kwa saa huko ungekusukuma kwa nguvu ya upepo wa kilomita 13 hivi kwa saa hapa Mombasa, na huo ni upepo wa asubuhi ya kawaida. Ile tufani inayoangusha watu na mitambo katika sinema ya The Martian ya mwaka 2015 imetiwa chumvi, na Andy Weir aliyeandika riwaya yenyewe amelikubali hilo.

Basi upepo dhaifu hivyo hulaje mwamba? Kwa mchanga. Kuiinua chembe ya kwanza ni kazi ngumu, hutaka mvumo mkali ambao hauji kila siku. Lakini chembe ikishapaa, mvutano wa Mirihi, ambao ni asilimia 38 tu ya wetu, huiacha iruke juu zaidi na mbali zaidi kuliko ingeruka hapa. Ikianguka huzipiga nyenzake na kuzirusha. Kwa hiyo mchanga ukishaanza mwendo unaweza kuendelea hata upepo ukipungua sana kuliko ule uliouanzisha. Kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani matuta ya mchanga ya Mirihi yamelala, ni mabaki ya enzi nyingine. Mwaka 2012 utafiti wa matuta ya Nili Patera, uliofanywa kwa kulinganisha picha zilizopigwa kutoka angani kwa nyakati tofauti, ulionyesha kwamba kiasi cha mchanga unaosafiri pale kinakaribiana na kile cha Bonde la Victoria, Antaktika. Yaani mashine ya kupiga mchanga ipo, na inafanya kazi leo.

2. Shimo huuelekeza upepo unaolila

Hili lilinichukua muda kulielewa, na sasa naliona kuwa ndilo kubwa kuliko yote.

Kreta changa ina ukingo ulioinuka, kwa sababu kimondo kinapogonga hukunja tabaka za mwamba kwenda juu na kutapanya kifusi pande zote. Ukingo huo ni kizuizi. Upepo ukifika mbele yake hugawanyika, ukazunguka kushoto na kulia kwa mikondo miwili inayojisokota, kisha mikondo hiyo ikakutana tena nyuma. Kati ya mikondo hiyo, nyuma ya shimo, hubaki sehemu iliyotulia. Pale mikondo inapopita, mchanga hukwanguliwa. Palipotulia, vumbi hutua.

Tulilijaribu gerejini. Tulijaza sinia pana mchanga wa ujenzi tuliouchekecha, tukasimama juu ya kiunzi cha trela na kuangusha gololi nzito iliyotolewa kwenye beringi kuukuu ya gurudumu. Ikachimba shimo zuri lenye ukingo uliosimama. Tukaitoa gololi kwa sumaku ili tusiharibu kitu, kisha fundi akafungua hewa kidogo tu, akiushika mpira mbali, chini, usawa wa sinia. Mchanga wa mbele ulianza kutambaa. Ulipoufikia ukingo ukapasuka njia mbili, na nyuma ya shimo kukabaki ulimi mwembamba wa mchanga ulionyooka upande upepo unakokwenda. Ukingo wa mbele ukaanza kushuka, ule wa nyuma ukabaki umesimama. Kijana mmoja wa kidato cha pili, ambaye kwa kawaida hasemi kitu, akasema: “Mwalimu, shimo ndilo linalouambia upepo upite wapi.”

Mikia ya namna hiyo ndiyo iliyoonekana kwa maelfu kwenye picha za Mariner 9. Chombo hicho kilifika Mirihi Novemba 1971, kikawa cha kwanza kuizunguka sayari nyingine, na kikaikuta sayari nzima imegubikwa na vumbi. Wanasayansi wakalazimika kusubiri litue. Lilipotua, nyuma ya kreta nyingi kulikuwa na mikia, mingine myeupe, mingine myeusi, na baadhi ilibadilika umbo kati ya picha moja na nyingine. Ronald Greeley na wenzake walitengeneza kreta za mfano na kuziweka ndani ya handaki la upepo katika kituo cha NASA cha Ames, California, na mwaka 1974 wakachapisha maelezo ya jinsi mikia hiyo inavyotokea: palipotuama vumbi pakawa peupe, palipofagiliwa pakawa peusi. Tangu hapo kila kreta yenye mkia imekuwa kipimo cha mwelekeo wa upepo mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kusimika mlingoti. Ramani za kwanza za pepo za uso wa Mirihi zilichorwa kwa mikia ya mashimo.

3. Victoria si ya ukubwa iliozaliwa nao

Kama ningeruhusiwa kreta moja tu ya kufundishia, ningechagua Victoria. Iko kwenye uwanda wa Meridiani, karibu na ikweta ya Mirihi. Roboti Opportunity, iliyotua Januari 2004 ikitarajiwa kufanya kazi siku 90 za huko, iliufikia ukingo wake Septemba 2006 na kukaa hapo, nje na ndani, karibu miaka miwili. Jina ni la merikebu ya kwanza kuizunguka dunia, ile iliyosalia katika msafara wa Magellan, ndiyo maana rasi na ghuba za ukingoni zilipewa majina ya mahali msafara ulikopita, kama Cape Verde.

Rasi na ghuba kwenye shimo la kimondo? Ndiyo, na hapo ndipo pana utamu. Kimondo huchimba duara. Victoria ukiitazama kutoka juu ukingo wake umekatwakatwa, umeingia hapa na kutokeza pale, na chini katikati pamelala matuta ya mchanga yaliyopangika vizuri mno. Timu ya Opportunity ilipopima mambo yote, kifusi cha nje, mwinuko wa kuta na kina cha mchanga uliojaa ndani, ilikadiria kwamba shimo la awali lilikuwa na upana wa mita 600 hivi na kina cha mita 125. Leo lina upana wa mita 750. Limetanuka mita 150, na wakati huohuo limefukiwa mita 50 hivi.

Ufundi wenyewe uko hivi. Mwamba wa pale ni jiwe la mchanga lenye chumvi za salfeti, laini. Mchanga unaoparamia ukuta huula mguu wa ukuta kwanza, maana chembe nyingi huruka karibu na ardhi. Mguu ukiliwa, sehemu ya juu huning'inia, ikaporomoka. Jiwe lililoporomoka sasa liko chini, mbele ya mchanga ule ule, nalo husagwa likawa mchanga zaidi, na upepo ukautoa nje kupitia ghuba. Palipoanza kuwa na ghuba, upepo hujikusanya na kupita kwa kasi, kwa hiyo ghuba huzidi kuwa ghuba. Mawe makubwa yaliyorushwa nje siku ya mgongano nayo yamekatwa yakawa sawa na ardhi; Opportunity ilisafiri juu ya ukingo uliokuwa laini kuliko ungetarajia mahali palipopigwa na jiwe kutoka mbinguni.

Lakini upepo una mipaka, na mipaka hiyo ni vijiwe vya mviringo vya hematiti, vidogo, ambavyo wanasayansi walivipa jina la utani la beri za buluu. Vilikuwa ndani ya mwamba laini. Mwamba uliposagwa na kupeperushwa, vyenyewe vilikuwa vigumu na vizito, vikabaki. Vikajikusanya juu ya ardhi mpaka vikawa kama sakafu, na sasa sakafu hiyo inaukinga mwamba ulio chini yake. Tuliliona hili kwenye sinia letu pia: tulipochanganya kokoto ndogo na mchanga, hewa ilikula, ikala, kisha ikakwama. Kokoto zilikuwa zimefunika uso wote.

Kwa hiyo anayetaka kujua kimondo cha Victoria kilikuwa kikubwa kiasi gani asianze na mita 750. Hizo ni hesabu za upepo.

4. Mlima wa Gale ni kilichosazwa

Roboti nyingine, Curiosity, ilitua ndani ya kreta ya Gale Agosti 2012. Gale ina upana wa kilomita 154, na katikati yake kuna mlima, Sharp, wenye kimo cha kilomita 5 hivi kutoka sakafu ya kreta. Kreta kubwa huwa na kilele katikati, mwamba uliorudi juu baada ya pigo, lakini si cha namna hii. Mlima Sharp una tabaka juu ya tabaka, nyingi za chini zikiwa tope la ziwa la kale lililogeuka jiwe.

Tope la ziwa hutulia likawa sakafu; halijipangi likawa mlima. Maelezo yanayokubaliwa na wengi ni kwamba kreta ilijazwa mashapo, na baadaye upepo ukachimba pembeni na kuyaondoa, ukaacha kitovu. Mwaka 2016 Mackenzie Day na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas walichapisha jaribio ambalo naliona zuri kwa urahisi wake: walitengeneza kreta ya upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 4, wakaijaza mchanga wenye unyevu, wakaiweka kwenye handaki la upepo na kuuacha upepo ufanye kazi yake. Mfereji ukachimbika kuzunguka ukuta kwa ndani, ukapanuka, na katikati kikabaki kilima. Kreta yenyewe, kwa ukuta wake, ndiyo inayoyaelekeza makali ya upepo pembeni. Rudia funzo la pili.

Vijana wangu waliuliza swali ambalo kila mtu huuliza: vifusi vyote vile vilikwenda wapi? Vingine ni vumbi linaloizunguka Mirihi hadi leo, lile lililoinyima Opportunity jua katika tufani ya Juni 2018 mpaka ikanyamaza kabisa. Vingine ni matuta, kama yale yaliyopewa jina la Bagnold chini ya Mlima Sharp, ambayo Curiosity iliyatembelea kuanzia mwisho wa 2015. Ralph Bagnold alikuwa mwanajeshi wa Uingereza aliyesoma tabia ya mchanga katika jangwa la Misri na Libya, na kitabu chake cha 1941 bado kinasomwa na wanaoichunguza Mirihi.

Na kazi haijaisha. Curiosity ilipolichunguza jiwe moja la tope pale Yellowknife Bay, ilipima gesi zinazozalishwa na mionzi ya anga kwenye jiwe lililo wazi. Jiwe lina umri wa mabilioni ya miaka, lakini limekuwa wazi kwa miaka milioni 78 hivi tu. Upepo ulikuwa umelifunua kwa kuusukuma nyuma ukuta uliolifunika. Hii ina faida ya kikazi: mionzi huharibu mabaki ya kemikali za uhai, kwa hiyo mahali pa kuyatafuta ni pale ambapo upepo umefunua karibuni.

5. Kreta yaweza kuishia juu ya kinara

Funzo fupi. Mahali ambapo ardhi ya kandokando ni laini na kifusi cha kreta ni kigumu, upepo hushusha kila kitu isipokuwa kreta na kifusi chake. Mwisho wake shimo linakaa juu ya jukwaa, limeinuka kuliko uwanda. Kreta za namna hii zilionekana kwenye picha za Mariner 9. Na kreta iliyojazwa kitu kikagumu, halafu kuta zikaliwa, inageuka kuwa kilima cha mviringo. Shimo limekuwa mlima; mwanafunzi akiandika hivyo kwenye mtihani mpe alama zake.

6. Upepo huohuo ni mzishi

Ushahidi ulio karibu nasi zaidi hauko Mirihi. Uko Rub' al-Khali, jangwa linaloanzia Saudia na kuingia Oman, nchi ambako familia nyingi za pwani yetu zina ndugu wanaozungumza Kiswahili mpaka leo. Mwaka 1932 Mwingereza Harry St John Philby alilivuka jangwa hilo kwa ngamia akiutafuta mji uliopotea wa Wabar. Badala ya mji alikuta mashimo yaliyozungukwa na kioo cheusi na vipande vya chuma. Yalikuwa mashimo ya kimondo.

Shimo kubwa lina upana wa mita 116. Philby alilikuta na kina cha mita 12 hivi. Mwaka 1961 kilikuwa kimebaki mita 8. Mwaka 1982 lilikuwa karibu limejaa mchanga. Katika umri wa mtu mmoja tu, upepo ulilizika shimo ambalo lingekuwa mwezini lingekaa mamilioni kwa mamilioni ya miaka. Jeffrey Wynn na Eugene Shoemaker walipolichunguza katika miaka ya 1990, sehemu kubwa ya walichokuwa wakikitazama ilikuwa kingo zilizochungulia tu.

Ila usimwandikie upepo kesi kabla hujasikiliza upande wa pili. Kwenye nyanda za changarawe za Oman, upepo huohuo huondoa vumbi na kuyaacha mawe yaonekane, na jiwe jeusi juu ya changarawe nyeupe huonekana kwa mbali. Ndiyo maana Oman imekuwa mojawapo ya mahali pazuri duniani pa kuokota vimondo. Kimojawapo, Dhofar 019, kilichopatikana mwaka 2000, kilitoka Mirihi: mgongano fulani huko ulikirusha angani mpaka kikaja kuanguka Arabia. Na Februari 2018 taasisi ya anga ya Austria iliendesha huko Dhofar mazoezi ya safari ya Mirihi, AMADEE-18, kwa sababu ardhi na vumbi vya hapo vinafanana na vya huko.

7. Kwetu, mvua hufika kabla ya upepo

Vijana walitaka kreta ya Mombasa. Hatuna, na sababu yenyewe ni somo. Duniani zimethibitishwa takriban kreta 200 za vimondo. Mwezini huwezi kuzihesabu ukamaliza. Sisi tuna mvua, mito, mizizi na bahari inayopanda na kushuka. Chini ya mtaa wetu kuna mwamba wa tope la bahari wa enzi ya Jurasi, zaidi ya miaka milioni 145, ambao wanajiolojia waliupa jina la Miritini. Jirani zetu wa Changamwe nao wana mwamba wenye jina lao. Watoto hucheka wakisikia kwamba mtaa unaojulikana kwa kontena uko kwenye vitabu vya jiolojia. Mwamba huo ukifunuliwa na tingatinga, masika moja tu huulegeza na kuufanya matope. Shimo lililochimbwa ndani ya mwamba wa namna hiyo halina maisha marefu.

Ya karibu tunayoweza kuitaja kwa uhakika ni Luizi, kusini mashariki mwa Kongo, kwenye uwanda wa Kundelungu, Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya sokoni na ya nyumbani. Ina upana wa kilomita 17 na ilithibitishwa mwaka 2011. Ukiitazama kwa setilaiti utaona miduara iliyozungukana, lakini mito imepita ndani, miti imeota juu, na mwenyeji anaweza kuzeeka hapo asijue anaishi ndani ya jeraha. Tanzania ina kimondo cha Mbozi, chuma cha tani 16 hivi, kimelala bila shimo lolote la kukitambulisha. Na mawe yaliyoanguka Thika Julai 16, 2011 yalikuwa madogo mno kuchimba chochote cha maana.

Tofauti ndiyo hiyo. Mirihi haijapata mvua kwa mabilioni ya miaka, kwa hiyo mfanyakazi dhaifu kuliko wote aliachiwa uwanja peke yake. Kasi yake ni ndogo mno ukiilinganisha na masika ya hapa, lakini hana mshindani na hapumziki.

8. Kuhesabu mashimo kunataka tahadhari

Wanasayansi hukisia umri wa uso wa sayari kwa kuhesabu kreta: uso wenye kreta nyingi ni wa zamani, wenye chache ni wa umri mdogo. Kanuni ni nzuri, ila upepo huanza na kreta ndogo. Mahali penye mwamba laini, kreta ndogo hufutika upesi na kubwa zikabaki, na ardhi kongwe ikaonekana changa. Tena zipo kreta zilizofukiwa zikafunuliwa upya. Wenye fani hiyo hulijua hili na huhesabu kwa makundi ya ukubwa. Nalitaja kwa sababu kwenye mtihani wa shule swali huulizwa kana kwamba hesabu ni moja tu.

Sasa neno kwako, mwalimu mwenzangu, uwe Likoni, Kisauni au Kwale. Oktoba 2006 kamera ya HiRISE, iliyoko kwenye chombo Mars Reconnaissance Orbiter, iliipiga Victoria picha wakati Opportunity imesimama kwenye ukingo wake. Roboti inaonekana kama kidoa. Picha hiyo iko kwenye intaneti na haidaiwi ada. Ipakue, ichapishe hata kwa rangi nyeusi na nyeupe, uwape wanafunzi penseli na bikari. Waambie wachore duara lenye upana wa mita 600, kwa kipimo cha picha, ndani ya kreta, pale ukingo wa kwanza ulipokuwa, kisha wapake rangi yote yaliyo kati ya duara hilo na ukingo wa leo. Eneo hilo ndilo upepo ulilokula. Ukipata fundi wa kupiga mchanga mtaani kwako, lipeleke darasa lako kwake kwanza, na miwani ya kukinga macho iwe ya kila mtoto.